Jina la Marehemu

Seva ya zamani tuliizima Jumatatu usiku,
mimi na Sujith, bila hata Fatiha.
Miaka kumi na mmoja imenguruma nyuma ya stoo ya glavu
hapa kliniki, Ibra,
ikimeza vumbi la mlimani. Jina lake ZUMARIDI.
Mpya ilifika sandukuni, ingali inanuka plastiki.
Tuliisajili kwa jina la muda, kisha nikasema:
tuipachike lile la marehemu juu yake.
Printa zinalijua.
Bi Rayya wa mapokezi ameliandika kwa wino
kwenye karatasi iliyo chini ya kioo cha meza yake.
Nani aanze kuwafundisha watu arubaini jina jipya?

Jumatano, siku ya soko la wanawake,
ukumbi umejaa mabaibui na vikapu,
mtoto analia na sindano bado hajaiona,
simu yangu inaruka mezani kama panzi.
"Shinuna, huku mtambo umenikataa."
Andika nywila tena, taratibu.
"Mara tatu nimeandika! Mimi,
niliyekuwa nafungua mlango huu wewe hujajua kusoma!"

Nikashuka. Nikaita kwa namba:
labeka, mafaili yote haya hapa.
Nikaita kwa jina:
kimya, kisha maandishi mekundu.
Kwa namba, naam. Kwa jina, hapana.
Sujith akapuliza karak yake.
"Mashine nzima," akasema. "Jina ndilo gonjwa."

Mshika funguo wa mtandao hajui matanga.
Daftarini mwake ZUMARIDI ni yule yule wa kwanza,
na siri waliyopeana wanaijua wawili tu.
Ukiomba kwenda kwa ZUMARIDI anakukatia tiketi,
anaifunga kwa kufuli la marehemu,
unampelekea mgeni,
naye anaigeuza bahasha huku na huku.
Ufunguo hana.

Nilicheka, halafu sikucheka.

Mama alimzaa Shinuna Unguja,
akamzika ana miezi saba.
Mimi nikaja mwaka wa pili yake. Nikapewa jina,
mbeleko, na cheti cha kuzaliwa.
Kwa nini kulipia kingine, na kile hakijakunjwa hata pembe?
Nina miaka ishirini na sita, dirishani, Maskati,
askari akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe:
amefariki.
Nikamwambia, ndiye mimi huyu.
Akasema, mfumo.
Miezi tisa, mashahidi wawili, barua ya sheha,
ndipo nikazaliwa.
Hadi leo Mama akiniita kutoka jikoni
ile silabi ya mwisho huiacha wazi kidogo,
kama anayengoja waitike wawili.

Basi nikaifungua akaunti ya kale,
nikaivua huduma moja moja
kama mtu anayevua pete vidoleni mwa maiti.
Una hakika? mfumo ukauliza.
Huuliza hivyo kwa kila kitu, hata kwa picha ya paka.
Kidole kikakaa juu ya kitufe
mpaka Sujith akakohoa.

Nikafuta. Nikamwandikisha mpya, jina na haki zake.
Nikapita meza kwa meza: tokeni, muingie upya,
tiketi za asubuhi zimeoza.
Saa nne na dakika arubaini Bi Rayya akaingia,
akamwita mtoto wa sindano.
"Ulifanya nini?"
Nimezika.
"Nani tena?" akauliza, macho kwenye foleni,
hakungoja jibu.

Imebaki printa moja, ya maabara.
Kila usiku saa nane kasoro naikuta kwenye kumbukumbu
inabisha hodi kwa yule wa kwanza,
inakataliwa, inabisha tena.
Ni kazi ya dakika mbili kuirekebisha.
Leo mwezi wa tatu.